Mama aliyelaumiwa kwa vidonge nilivyotoa mimi

Naomba mnifichie jina, maana huku Sumbawanga tunafahamiana. Mimi ni mzee wa miaka themanini na nane. Anayeniandikia ni mjukuu wangu wa kike, na hata yeye anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nauza katika duka la baba yangu mkubwa hapa mjini. Tuliuza nguo na chumvi, na tulikuwa na kabati moja la dawa. Mganga wa zahanati alinifundisha kazi ile kwa wiki mbili. Alikuwa akisema, "Kabla hujatoa dawa uliza anayeumwa ni nani, ana umri gani. Andika kwenye bahasha. Kisha mwache mteja arudie ulichomwambia." Mwanzoni nilifuata yote. Baadaye nilizoea, nikaona ni maneno mengi tu.

Siku moja ya mnada duka lilijaa. Akaja mama mmoja kijana, mkulima kutoka njia ya Matai, akaomba dawa ya homa. Alikuwa amejifunga kanga mbili na anatetemeka kwa baridi ya asubuhi, nami nikadhani mgonjwa ni yeye. Nikamfungia kwinini kwenye kipande cha gazeti. "Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni," nikamwambia, huku nikimgeukia mteja mwingine. Sikuuliza. Sikuandika.

Dawa ilikuwa ya binti yake, Kristina, wa miaka minne.

Baada ya siku nane alirudi na mumewe. Yule baba hakupaza sauti. Alisema, "Mtoto aliacha kusikia, kisha akaacha kuona, kisha tukamzika. Mke wangu anasema ulimwambia viwili mara tatu. Ulimwambia hivyo?"

Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliogopa duka litafungwa, niliogopa kufungwa mimi. Nikajibu, "Nilimwambia mtoto apewe nusu."

Yule mama akanigeukia. "Kaka," akasema, "wewe hukuniuliza hata dawa ni ya nani."

Nikainamisha kichwa nikajifanya napanga vitambaa. Mumewe akamwambia, "Twende." Baadaye nilisikia amemrudisha kwao, na kijijini watu walimwita mama aliyemuua mwanawe. Mimi niliacha kuuza dawa mwaka uleule, nikasingizia macho. Nikaoa, nikazaa, nikaenda Hija. Kila nilipoomba msamaha kwa Mungu, nilijua kuna mtu mwingine ambaye sijamwomba.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kliniki Katandala. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama wa makamo, ameshika dawa za mjukuu wake, anazisoma mara mbili mbili. Nikamtania kidogo. Akacheka, akasema, "Shikamoo baba, ni woga wa kurithi. Mama yetu hakuwahi kutupa dawa kwa mkono wake, hata kidonge cha kichwa. Alikuwa anamwita jirani atupe. Alisema mkono wake ulimuua dada yetu Kristina, kabla hajaolewa na baba yetu." Nikamuuliza kama mama yake yupo. "Tulimzika miaka kumi iliyopita," akasema. "Mpaka siku ya mwisho alikuwa anamwomba Kristina radhi."

Aliponiuliza ninapoishi, nikamwelekeza nyumba yangu. Tangu siku ile mama huyo wa kliniki hupita kwangu kila Jumapili akitoka kanisani, ananisalimia, ananiletea unga wa ulezi. Ananiita baba. Wanangu niliowadokezea wanasema nikae kimya, nisiwatie aibu uzeeni wala nisimtoneshe mama wa watu kidonda. Lakini nikifa na siri hii, marehemu atabaki muuaji midomoni mwa watoto wake, ilhali hakukosea lolote. Alifanya nilivyomwambia.

Jumapili ni keshokutwa, na atakuja. Ndugu zangu, nimwambie nini?