Koti la Mfalme Kutoka Upande wa Wanawake

Lori la sinema lilikuja Garissa wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu, likakaa siku chache kabla ya kuendelea na safari ya kaskazini. Mchana lilisimama uwanjani karibu na maduka kama lori jingine lolote. Jioni, watu wakishaswali, wenye lori walisimamisha nguzo mbili, wakafunga shuka kubwa jeupe katikati, na mashine ya umeme ikaanza kunguruma. Wanaume walikaa upande wa lori. Sisi wanawake tulikaa upande wa pili wa shuka. Hakuna aliyetuamuru. Hata kwenye harusi na mawaidha wanaume huwa huku na wanawake huwa kule, na shuka lile lilikuwa pazia zuri. Mwanga ulipenya kitambaa, picha ikatufikia, nasi tukaridhika.

Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kitu nilichokipenda huko kuliko hesabu ni sindano, kwa sababu mke wa mwalimu alituweka wasichana wachache barazani kwake, akatufundisha kupiga bandi, kupinda, na kukunja mshono usitoe nyuzi. Nyumbani, kazi za hooyo, mama yangu, zikiisha, nilikaa mlangoni nikashona chochote kilichochanika. Sikuwa fundi. Sikuwa na cherehani, na hakuna aliyenilipa. Niliona haya kuzungumza na watu, lakini na kitambaa tulielewana.

Sinema yenyewe ilikuwa ya mfalme wa nchi ya mbali, mwenye farasi wengi, binti mmoja na ndugu mwenye husuda. Siwezi kuisimulia vizuri. Sauti iliyotafsiri kwa Kisomali kutoka kwenye kipaza sauti ilichelewa, hata ikatuambia mfalme anaumwa wakati alikwisha kuzikwa. Nami sikuwa nikifuata maneno. Nilifuata nguo.

Koti la mfalme lilifika chini ya magoti. Ukosi wake ulisimama bila kukunjwa. Kipande kimoja cha kifuani kilikuwa kipana, kikavuka juu ya mwenzake na kufungwa ubavuni kwa vifundo vya kitambaa na vitanzi, na mfalme alipotaka kitu alipenyeza mkono chini ya kipande hicho akatoa pete. Alipopanda farasi, koti halikumvuta mabegani. Alipoinua upanga, pindo halikupanda. Kanzu ya aabo, baba yangu, hupanda hata akinyoosha mkono kuchukua birika. Basi nilijua kwamba kwapani pametiwa kikwapa, kile kipande cha pembe nne wanachotia mafundi wa kanzu, lakini kikubwa kuliko cha kanzu na kimekatwa mshazari. Na gauni la binti lilipozunguka, pindo lilichelewa kidogo kisha likafuata, kama ng'ombe wa mwisho kundini. Pindo jepesi halifanyi hivyo. Aliyelishona alilikunja mara nyingi ili liwe zito.

Picha haikuwa na rangi, kwa hiyo kila mtu alitia yake. Hooyo alisema koti ni jekundu. Habaryar, mdogo wake hooyo, mwanamke asiyeishiwa maneno, alishikilia kuwa ni la kijani. Walibishana mpaka wenzao wakawanyamazisha.

Mfalme alipozikwa, habaryar alinitazama usoni. "Unalia?"

"Hapana, habaryar. Natazama shela la binti. Lasi yake imetiwa kwa mkono."

"Subhanallah! Watu wamefiwa, huyu anakagua mishono!"

Wanawake wakacheka, nami nikajifunika uso kwa shungi, nikiacha jicho moja nje.

Kuna jambo jingine nililoliona. Katika vita na ndugu yake, mkono wa koti la mfalme ulichanwa kwa upanga kutoka begani mpaka kiwikoni. Muda si muda akaonekana tena na koti lile lile, mkono mzima. Nilidhani macho yamenidanganya. Jioni iliyofuata, sinema ile ile ilipoonyeshwa tena, nilisubiri mahali hapo bila kupepesa. Kweli. Kumbe makoti yalikuwa mawili, labda zaidi, yamefanana mpaka kwenye tarizi ya ukosi. Mahali fulani mtu alikaa akashona koti, akalimaliza, akaanza jingine kama hilo, huku akijua la kwanza litachanwa. Nilimwonea huruma mtu huyo, na nilimwonea wivu pia.

Kaka yangu alikuwa upande wa wanaume. Aliuza vitambaa dukani kwa tajiri mmoja, na alikuwa amechumbia msichana wa wafugaji wa upande wa Hadado, watu wenye ngamia wengi na maneno machache. Mahari ilikwisha kukubaliwa. Nikahi ingefanyika huko kwao. Lakini wasafiri walituletea neno: mjomba wa msichana amesema kijana wa mjini anawapimia wengine kitambaa mchana kutwa, na yeye mwenyewe hana nguo. Kaka alicheka alipoambiwa. Kisha akasukuma sahani yake bila kuimaliza.

Lori la sinema lilipoondoka, alikuja nyumbani na drili nyeupe, kitambaa kizito cha pamba, ya mwisho iliyobaki dukani.

"Abaayo," aliniambia, maana dada kwetu huitwa hivyo, "nishonee koti la mfalme."

Aabo alikuwa akinywa chai. "Mpelekee fundi mwenye cherehani."

"Fundi hakuja kwenye sinema, aabo. Alisema ni mambo ya shetani, akalala. Atashonaje kitu ambacho hakukiona?"

"Na huyu akikiharibu kitambaa?"

"Nitaoa na kikoi changu."

Alisema kwa mzaha, lakini sote tulijua kwamba mzigo mpya wa duka hautafika kabla ya nikahi, na tulijua mjomba yule atakuwa ameketi mbele kabisa, akimtazama.

Kaka akaenda safari na tajiri wake kununua ngozi, akaniachia kitambaa. Vipimo nilivichukua kwenye kanzu yake kuukuu, kwa kamba niliyoifunga mafundo. Nilishika mkasi muda mrefu nisikate. Nikafumba macho, nikaliona shuka jeupe na mfalme amesimama, kipande kipana kinatoka kulia kwake na kuvuka kwenda kushoto. Nikasema bismillahi, nikakata.

Drili hutoa nyuzi ikikatwa, kwa hiyo kila mshono niliukunja ndani ya mwenzake, nikaulaza na kuushona mara ya pili, hata ncha ya kitambaa isionekane popote. Kikwapa nilikikosea mara ya kwanza, nikakifumua. Habaryar alinifungia vifundo, kwa kuwa vidole vyake vina nguvu, na kila alipomaliza kimoja alikiuma kwa meno kukijaribu. Nilitia mfuko ndani ya kifua, kwa ajili ya chupa ndogo ya manukato ambayo bwana harusi angewapaka wazee baada ya nikahi. Sijawahi kushona kitu kwa raha kama ile. Nilisahau hata kuogopa.

Kaka alirudi alasiri, na asubuhi yake ndiyo ilikuwa ya kuondoka kwenda Hadado. Alinawa vumbi, akavaa koti juu ya kikoi. Hooyo akasema mashallah. Kaka akainua mikono yote miwili kama anayepokea mtoto kutoka juu ya ngamia.

"Halipandi!" akapiga kelele. "Wallahi halipandi!"

Kisha akajifanya mfalme. Akaweka kidevu juu, akapeleka mkono wa kuume kifuani atoe pete. Mkono ukapapasa. Ukakuta kitambaa kimefungwa.

"Mlango uko wapi?" akauliza.

Akajaribu mkono wa kushoto, nao ukaingia moja kwa moja mpaka mfukoni. Hakuna aliyecheka. Mkono wa kushoto ni wa msalani. Hautoi kitu mbele ya mtu, sembuse manukato ya kuwapaka wakwe na shehe.

"Abaayo, umelishona kinyume."

"Nimelishona kama la mfalme, aboowe," nilisema, maana kaka kwetu huitwa hivyo.

"Mfalme alitoa pete kwa mkono wa kuume. Niliona."

"Alitoa kwa kushoto," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mimi mwenyewe nilishangaa."

"Kushoto, wallahi!" habaryar akaingilia. "Na alikula kwa kushoto, na binti yake pia. Tulimsema sana. Tulisema mali yote hiyo na hakuna aliyemfundisha kula!"

"Alikula kwa kuume! Nyinyi mlikuwa mnalala!"

"Sisi? Tulikuwa macho kuliko nyinyi mliokuwa mnakoroma!"

 Hooyo aliinuka, akavua leso yake ya begani, nyepesi, yenye picha ya korosho kubwa katikati, akainyoosha kwenye mwanga wa mlango kati yetu na kaka.

"Wewe," alimwambia kaka, "ncha ya korosho imeinamia mkono wako upi?"

"Wa kushoto."

"Na nyinyi?"

Nikatazama. Nikajitazama mikono. "Wa kulia," nikasema.

Hooyo akaishusha leso. "Sisi tulikaa nyuma ya shuka," alisema.

Habaryar akajishika kichwa. "Astaghfirullah! Basi tumemsingizia mfalme wa watu!"

Siku nyingine ningecheka mpaka niumwe na mbavu. Lakini kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka, amelivua koti na kuliweka magotini, analilainisha kwa kiganja polepole. "Si kitu," alisema. "Nina kikoi." Safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake. Hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nikalichukua koti. Nilitaka kulifumua, ingawa nilijua kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Nikaingiza mikono kwenye mikono ya koti, nikaivuta nje, nikaligeuza lote ndani nje ili nianze kutoa nyuzi. Likatandazika mapajani mwangu. Nikaona kile kipande kipana. Kilikuwa kimehamia upande wa pili.

Nikapitisha kiganja juu yake. Mishono yote ilikuwa imelala safi, ndani kama nje. Upande ule wa drili hauna mistari ya mshazari kama wa nje, ni laini kidogo, basi.

"Aboowe," nilisema, "livae hivi."

"Ndani nje? Wanicheke zaidi?"

"Livae kwanza."

Akalivaa. Kipande kipana kilitoka kushoto kwake, kikavuka kwenda kulia. Mkono wa kuume ukaingia chini yake bila kutafuta. Ukosi ulisimama vile vile, kwa kuwa ukosi uliosimama hauna mbele wala nyuma ya kukunjwa. Mfuko tu ndio ulining'inia nje kama kiwele, na mapindo yalionekana, na vifundo vilikuwa upande usiofaa.

Kaka alijitazama kifuani, halafu akanitazama mimi. "Kumbe uliniletea mfalme mzima," alisema, "ila alikuwa amenipa mgongo."

Tukalivua, tukaligawana. Habaryar alikata vifundo na kuvishona upya, akilalamika kwamba wafalme wana kazi nyingi. Hooyo alifumua pindo la chini akalikunja upande wa pili. Mimi nilihamisha mfuko na kurekebisha mikono. Aabo alirudi kutoka msikitini, akatukuta tumeinama watatu juu ya kitambaa kimoja, akauliza kuna nini. "Tunamgeuza mfalme," habaryar akamjibu, na aabo akaenda zake, hakutaka maelezo.

Walioondoka alfajiri kwa lori ni wanaume. Kaka alipanda akiwa na koti ndani ya mfuko safi, ameukumbatia asiuweke chini. Mimi sikuiona nikahi. Siku zile nilishona vibaya. Nilijichoma vidole, nikafikiria mkono wa kuume na mfuko ule, kama umekaa karibu vya kutosha, kama chupa haitakwama.

Walirudi na bibi harusi. Hooyo alitoka na maziwa, habaryar akapiga vigelegele, na kila mtu akamtazama mgeni. Mimi nilitazama koti. Lilikuwa limekuwa jekundu kwa vumbi mpaka ukosini. Hooyo angeweza kusema aliona sawa tangu mwanzo.

Kaka alinivuta pembeni kabla hajanywa chochote. Alisema manukato yalitoka vizuri, kwa mkono wa halali. Alisema yule mjomba alishika pindo la mkono wa koti kati ya vidole viwili, akalisugua kama anayepima ngozi ya mbuzi, akakaa nalo hivyo kitambo.  Kisha akasogea kwenye mkeka, akampa kaka nafasi ya kukaa ubavuni pake.

"Hakusema lolote?" niliuliza.

"Wale hawasemi, abaayo. Wanasogea."

Ndipo nilipoona ubavuni mwa koti, chini ya kwapa, mahali palipochanika. Lori lilikwama mchangani njiani wakati wa kurudi, na kaka alisaidia kulisukuma. Mpasuko ulikuwa umeshonwa kwa uzi mnene mweusi, kwa mishono mikubwa iliyopandana, ile ambayo wafugaji hushonea viriba vya maji. Juu ya drili nyeupe ilionekana kutoka mbali.

Mikono ikaniwasha. "Lete, nilifumue hapo, nitalishona kwa uzi mweupe."

"Usiguse," kaka alisema, akaziba mahali pale kwa kiganja. Alisema kwa sauti ya chini, lakini bibi harusi, aliyekuwa karibu na hooyo, alisikia. Alisogea mpaka tulipo. Alikuwa na haya kuliko mimi, jambo ambalo sikujua linawezekana. Tulisimama wote wawili tukitazama ubavu wa mume wake.

"Mshono wangu huo haufumuki," alisema mwishowe, akiuelekeza kwa kidole.

Kaka akatoa kiganja. Nikaingiza ukucha chini ya mshono mmoja, nikauvuta. Nikauvuta tena kwa nguvu zaidi. Haukufumuka.