Mfuko wa Kushoto

Karani wa mtandao wetu wa haki za binadamu hupokea fomu za malalamiko kutoka kwa mashirika ya nchi nzima. Mimi mpiga chapa humtazama. Jina la shahidi yeye hulisoma polepole, midomo ikimcheza, kisha hulichana kutoka kwenye fomu, hulikunja na kulitia katika mfuko wa shati, wa kushoto. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, huyu anatuuza. Jana alichungulia dirishani, akavitumbukiza vipande vyote kwenye chai yake. Wanaume wawili wa usalama wakaingia, wakapekua mfuko ule tu, wakatoka mikono mitupu. Yeye akaendelea kukoroga.

“Dada,” akaniuliza bila kuinua macho, “walijuaje kuwa ni wa kushoto?”

Nilikuwa nimemwambia shemeji yangu tu, tena kwa kunong'ona.