Siku Mama Pasi Alipokataa Kushuka

Jina la Mama Pasi alilipata kazini. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli kwa dobi mkubwa, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mvuke umetanda mpaka watu wanatambuana kwa sauti. Hakujaaliwa mtoto, kwa hiyo hilo "Mama" lilikuwa la heshima tu. Lakini mtaani wengi waliamini anaitwa hivyo kwa ajili ya ulimi wake, na hawakukosea sana. Ukimchokoza, alikunyoosha.

Aliishi na mumewe, fundi bomba asiye na maneno, na mama mkwe wake, ambaye maneno ya mwanawe yote alikuwa nayo yeye. Wengine wakigombana na wakwe huhama. Hawa wawili waligombana kila siku na hakuna aliyewaza kuhama. Ugomvi ndio uliokuwa mazungumzo yao.

"Chumvi iko wapi humu?" bibi angeuliza, kijiko hewani.

"Daktari kaikataza, mama."

"Daktari hajaonja mapishi yako. Angeonja, angeniruhusu."

Figo za yule bibi zilikuwa zimechoka kufanya kazi. Siku moja alikuwa nyumbani, siku ya pili hospitali, amelala kando ya mashine inayomsafishia damu. Kwenye mkono wake wa kushoto madaktari walikuwa wameunganisha mishipa ili mashine ipate pa kuchotea, na onyo lilikuwa kali: mkono ule usibanwe, usivutwe, hata presha usipimiwe. Mama Pasi aliulinda kama mboni ya jicho. Alikuwa ameomba zamu za alfajiri kwa dobi ili saa za hospitali awe huru.

Wakati huo safari haikuwa tatizo. Basi moja tu lilitoka mtaani kwao, likapita mbele ya lango la hospitali, likaishia katikati ya jiji. Na dereva wake alikuwa mdogo wake Mama Pasi, ndugu wa toka nitoke. Bibi alikaa kiti cha nyuma yake na kumfundisha kazi.

"Taratibu, wewe! Hukubeba viazi."

"Viazi havisemi, bibi," Dereva alijibu. "Ningebeba viazi ningefika nina amani."

Ndipo ikaja treni ya jiji. Tusiwe wanafiki: siku ya uzinduzi Mama Pasi alifurahi kuliko wengi. Aliipanda kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi, akiwa hana anakokwenda, akipapasa viti kwa kiganja. Alisema hata yeye sasa ni mtu wa jiji. Lakini furaha haikufika mbali. Shirika la usafiri likatangaza kwamba mabasi ya upande ule yasifike mjini tena. Kazi yao itakuwa kukusanya watu mitaani na kuwamwaga stesheni. Treni imekuja, watu waipande.

Treni yenyewe haikupita karibu na hospitali. Kwa hiyo ikawa basi mpaka stesheni, kisha ngazi za kupanda juu ya reli, kisha ngazi za kushuka jukwaani, kisha treni, kisha ngazi tena, kisha basi jingine. Lifti ilikuwepo. Mlangoni pake palibandikwa karatasi, "Matengenezo", tangu wiki ya kwanza. Karatasi ikapauka kwa jua, wakabandika mpya. Karatasi ndiyo waliyoikumbuka kuifanyia matengenezo.

Mtu akitoka kwenye mashine ile huwa kama nguo iliyokamuliwa. Siku moja walikuwa njiani kurudi. Bibi alikuwa katikati ya ngazi, mkono wa kulia kwenye chuma, Mama Pasi nyuma yake, treni ikaingia na watu wakashuka kama maji yaliyofunguliwa. Mmoja mwenye haraka akampiga bibi kikumbo. Akaanguka kifudifudi. Meno yake ya mbele yakabaki pale ngazini.

Watu walimruka. Wengine walisema "pole" huku wanaruka. Mama Pasi alipiga magoti, akamfunika kwa mwili wake wasimkanyage, akawa anapiga kelele wasimame. Mlinzi wa stesheni akaja. Mama Pasi alidhani anakuja kusaidia.

"Mama," alisema yule mlinzi, "msogeze pembeni. Anaziba njia."

Maneno hayo hayakumtoka Mama Pasi kichwani tena. Alikuwa nayo akipiga pasi, alikuwa nayo akisonga ugali, alikuwa nayo akioga. *Anaziba njia.*

Siku ya pili yake alikwenda ofisini kwa shirika. Alipelekwa kwa meneja wa safari, kijana mtanashati, si mtu wa roho mbaya, aliyemkaribisha kiti na maji baridi. Mama Pasi hakukaa wala hakunywa. Alieleza yote.

"Pole sana, mama," alisema Meneja. "Lakini tumepima. Kwa wastani, safari ya abiria sasa ni fupi kuliko zamani."

"Kwa nani?"

"Kwa wastani."

"Huyo Wastani simjui. Naye ana figo mbovu?"

Meneja akatabasamu. Lilikuwa kosa.

"Unacheka nini?" Mama Pasi aliuliza, akiinama juu ya meza. "Mkwe wangu hana meno ya mbele, wewe unanionyesha ya kwako?"

Walinzi walimsindikiza hadi nje. Nyuma yake Meneja alikuwa bado anasema lifti inashughulikiwa.

Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta anakula, akamwambia: kesho usiishie stesheni, utupitishe kwa njia ya zamani.

"Dada, nitafukuzwa."

"Na bibi atakufa."

"Nina watoto, dada. Wewe..." Akajikatiza.

"Maliza. Mimi sina. Ndiyo maana sijui uchungu wa kupoteza kazi, siyo?"

"Sikusema hivyo."

"Wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha," Mama Pasi alimwambia, akiwa tayari mlangoni. "Wewe umenila na mifupa."

Kesho yake ilikuwa siku ya mashine. Walipanda basi kama kawaida, yeye na mkwewe, wakakaa kiti kilekile nyuma ya Dereva. Ndugu hawakusalimiana. Bibi, uso umevimba, naye siku hiyo hakumfundisha mtu kuendesha. Basi likafika stesheni, milango ikafunguka, watu wakaanza kusimama.

"Mimi sishuki," alisema Mama Pasi.

Hakupiga kelele. Alisema akitazama mbele, kwenye kisogo cha mdogo wake.

"Dada, tafadhali."

"Nimekaa kwenye basi la hospitali. Nitashuka hospitali."

Fundi seremala mmoja, aliyesimama na sanduku lake la vyombo begani, akauliza kuna nini. Mama Pasi akamwambia. Akageuka kwa basi zima akawaambia na wao: ngazi, meno, mlinzi, na yule bwana Wastani. Sauti ikampanda sasa. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akashusha sanduku lake, akakaa juu yake. Mwanamke mjamzito aliyekwisha kutia mguu mlangoni akaurudisha ndani. "Hata mimi zile ngazi zinaniua," alisema, akarudi kitini. Si wote waliobaki. Wapo walioteremka wakinung'unika kwamba wanacheleweshwa na wazimu wa watu. Lakini waliobaki walitosha, na nyuma yao mabasi mengine yakaanza kupanga foleni na kupiga honi.

Simu ya upepo ya Dereva ikalia. Ilikuwa sauti ya Meneja mwenyewe, akimwamuru awashushe abiria, vinginevyo asije kazini tena. Basi zima lilisikia. Dereva alizima injini, akaweka mikono mapajani. Alikuwa na hasira, lakini na dada yake, si na Meneja.

"Umefurahi?" alimuuliza bila kugeuka.

"Sijafurahi tangu waanze kutumwaga kwenye hiki kistesheni chao," Mama Pasi alijibu.

Wakaguzi wawili wakapanda. Wa kwanza alisema kwa upole, wa pili hakuwa na subira. Alimwona bibi ndiye mwepesi kuliko wote, akadhani akimtoa huyo, mwingine atafuata. Akamshika mkono na kumvuta. Mkono wa kushoto.

Bibi alipiga ukelele ambao haukufanana na ugomvi wake wowote. Mama Pasi akamrukia yule mkaguzi, kucha na meno. Fundi seremala naye akainuka. Katikati ya zogo lile injini iliwaka. Dereva alikuwa ameona kwenye kioo mkono gani umeshikwa.

"Teremkeni!" aliwapigia kelele wakaguzi. "Teremkeni kwenye basi langu!"

Basi lilikuwa limeanza kusogea na mlango u wazi. Wakaguzi wakaruka. Dereva akafunga mlango, akakata kona, akaingia barabara ya zamani. Ndani hakuna aliyeshangilia. Watu walishika vyuma tu, maana walijua kilichofanyika hakina kurudi. Simu ya upepo ilitukana njia nzima. Langoni mwa hospitali Dereva alisimama, akateremka mwenyewe, akampokea bibi kwa mikono miwili mpaka chini. Kisha akakaa kwenye ngazi ya basi kungoja polisi.

Walimweka ndani kwa "kuteka chombo cha umma", wakamwachia baadaye kesi ilipokosa miguu. Kazi hakurudishiwa. Lakini moto ulikwisha kuwaka. Kesho yake abiria wa basi jingine walikataa kushuka, na keshokutwa yake wa mabasi mawili. Wagonjwa, wajawazito, wauza mboga wenye vikapu, wote wakajifunza neno moja: sishuki. Kituo kikawa kinazibika kila asubuhi. Mwisho wake shirika likarudisha basi la hospitali.

Tangazo lilisema uamuzi umefikiwa "baada ya utafiti wa kina na kwa kuwajali wateja wetu". Picha ya Meneja ilikuwepo, anakata utepe mbele ya basi lililokuwa likipita pale miaka yote. Mama Pasi aliliona limebandikwa kituoni. Aliling'oa, akalikunjakunja, akalikanyaga, watu wakimtazama. Walitarajia afurahi. Ameshinda, si ndiyo?

"Nimeshinda nini?" alifoka. "Wamenirudishia changu, kimepungua."

Kilichopungua alikuwa mdogo wake. Alipata kazi ya kuendesha lori la mchanga, mbali, kazi ya vumbi na ya leo ipo kesho haipo. Alimpeleka dada yake hospitali kwa gharama ya riziki yake, na hakukanyaga kwake tena. Mama Pasi alituma watu, akajibiwa salamu zimefika.

Bibi aliishi hadi mwaka uliofuata. Alifia usingizini, kitandani kwake, baada ya kulalamika kuhusu chumvi. Msibani Dereva alikuja, nguo bado zina mchanga, akakaa na wanaume. Baadaye, watu walipopungua, Mama Pasi alimpelekea sahani, akakaa chini kando yake kwenye mkeka.

"Bado nina hasira na wewe, dada," alisema.

"Najua."

"Ulinibana mbele ya watu. Ningekupeleka. Nilikuwa nafikiria tu namna. Hukuningoja."

Mama Pasi alitaka kumwambia kwamba figo hazingoji mtu kufikiria namna. Neno lilikuwa mdomoni, limeiva. Alilitazama vumbi kwenye nyusi za mdogo wake, akalimeza, na kwa mtu kama yeye hiyo haikuwa kazi ndogo.

"Na mimi ninayo hasira," alisema. "Ninayo mpaka naogopa nitapiga mtu. Lakini si wewe tena. Kula."

Dereva alikula. Mama Pasi alibaki pale pale, mikono magotini, akimwangalia mpaka alipomaliza.