Moshi wa Mideva

Mimi na Mideva tumeolewa boma moja hapa Musanda, yeye kwa ndugu mdogo, mimi kwa mkubwa, kwa hiyo haya ninayoandika sikuambiwa na mtu. Darasa la saba nilimaliza, na macho yangu bado yanaona hadi ng'ambo ya mto.

Mideva ndiye mfyatuaji wa bastola ya kuanzisha mbio za shule. Bastola yenyewe haitoi risasi. Hutiwa fataki ndogo za baruti, ikapiga mlio na kutoa moshi. Akiwa msichana alikimbia sana. Magoti yalipomkataa, akasema kama yeye hawezi kukimbia, basi wengine watakimbia akitaka yeye. Ni maringo, lakini nayapenda, yanafanana na yangu.

Mwaka jana ndio alituaibisha. Fataki alizifunga kwenye pembe ya leso, vile sisi hufunganga pesa, akaziweka kifuani. Mvua ya huku unaijua, na jasho la Mideva pia si la mchezo. Wasichana wameinama mstarini, uwanja kimya, bastola ikakohoa kama mbuzi. Akajaribu tena, ikakohoa tena. Mike, msimamizi wa michezo, akatoa filimbi.

Mwaka huu Mike alimletea bastola mapema, akamwambia kwa heshima zote kwamba ikikohoa tena, filimbi itachukua kazi moja kwa moja na yeye atakaa na watazamaji. Mideva akae na watazamaji? Heri umfunge kamba pamoja na ndama.

Basi akanunua fataki za aina mbili, moja kwa Farouk wa Mumias, nyingine akaagiza Kisumu. Akazifunga kwa karatasi na kuzifukia ndani ya kibuyu cha majivu makavu, kama mbegu za maharagwe. Akamjulisha naibu wa chifu, watu wasije na mapanga, tukaenda malishoni kuzijaribu.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mbali, mahali pa wenye saa, wale wanaopima muda wa wakimbiaji, na kuinua mkono nikiona moshi. Wenye saa hawangojangi mlio, maana mlio huchelewa njiani. Wanatazama moshi.

Alianza na za Farouk. Ule mlio ulirusha ingokho, kuku wa jirani yetu Edah, hadi juu ya paa, na Edah mwenyewe akaacha obusuma, ugali wake, motoni akaja na mwiko. Mideva akacheza kidogo. Mkono wangu uko chini.

"Mama Gentrix, umelala?" akaniuliza.

"Nimesikia. Sijaona."

Akasema macho yangu yamezeeka. Nikamwambia aje asimame huku yeye, akakataa. Akatia za Kisumu. Zililia kama mtu aliyefunga mlango kwa hasira, naye akazidharau, eti hizo ni za kuanzisha mbio za konokono. Niliona kitu, lakini mawingu nyuma yake yalikuwa meupe na moshi mweupe, sikuweza kuapa. Wakati huo watoto wa kijiji kizima wamejipanga. Kila akifyatua wanakimbia hadi kwangu, na Edah katikati yao na mwiko wake, halafu wanarudi kungoja tena.

Ndipo fahali mweusi wa mume wangu Nehemiah akapita nyuma ya Mideva akila majani. Mideva akafyatua ya Kisumu. Moshi ukachanua ubavuni mwa fahali kama pamba, mkono wangu ukapaa wenyewe, na fahali akaondoka na watoto, akawashinda wote. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Tukajua sasa: fataki za Kisumu, na kitu cheusi nyuma. Mideva alitaka fahali aende Malava kwenye mashindano. Nikamwambia kwamba Nehemiah atanirudisha kwetu. Akanitazama sana, nikajua anafikiria koti langu la matanga, jeusi tii, ambalo siazimi mtu.

"Koti likienda, naenda nalo," nikasema.

"Ndiyo nilitaka. Fahali angetaka kamba."

Siku ya Malava jua lilikuwa kali. Nilipanda benchi nyuma ya Mideva, nikafungua koti kama mabawa. Watu wakauliza ni matanga ya nani. Mideva akatoa fataki kibuyuni, akapuliza majivu, akainua bastola. Kule mbali Mike alikuwa amesimama na wenye saa, filimbi iko mdomoni tayari.

Mlio ulikuwa wa mlango. Lakini moshi ulisimama mbele ya koti langu, mweupe, mnene, na vidole vya wenye saa vikashuka pamoja. Mike akatoa filimbi mdomoni, akaitazama, akaitia mfukoni.

Mideva akageuka kuniangalia, meno yote nje. Mimi jasho lanitiririka hadi kwenye viatu, mabawa bado nimeyafungua. Mpaka leo sijui nani alishinda mbio zile.