Unatembea kwa Nani?

Kwa shangazi yangu wa Malava, neno "kutembea" lilikuwa na maana moja tu: kwenda kwa mtu. Unatembea kwa dada yako, kwa mjomba, kwa mgonjwa. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba nimekuja kukaa kwake wiki nzima ili nitembee milimani, kwa baiskeli na kwa miguu, alingoja nimalizie sentensi.

"Milimani kwa nani?"

"Milimani tu, shangazi. Kupumzika."

"Kupumzika kwa kupanda mlima." Aliyarudia maneno hayo polepole, kama anayeonja mboga kuona chumvi imekolea. "Watu wanatembeanga kwa watu, mwanangu. Kwa mlima wanatembeanga mbuzi."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, na huko nilikuwa nimesoma vitabu vingi ambamo watu walizunguka vilimani bila shughuli yoyote, wakarudi nyumbani na mawazo mazito. Nilitaka na mimi mawazo mazito. Isitoshe nililelewa Nairobi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na Uluhya wangu ulikuwa wa likizo: nilijua kula obusuma, ugali wetu, nilijua kusalimia mulembe, basi.

Kupumzika ndiyo sababu niliyomweleza shangazi. Sababu yenyewe iliishi ng'ambo ya mto, nyuma ya vilima. Ilikuwa msichana niliyesoma naye chuoni, akarudi kwao kufundisha. Nilitaka kumuoa, naye alitaka, lakini kulikuwa na dereva wa trekta.

Lazima nieleze. Hiyo ilikuwa miaka ya miwa. Mwenye shamba aliipanda mpaka ikagusa dirisha la chumba cha kulala. Mabati mapya yalimetameta mabondeni, redio ziliimba katika kila boma, na upepo ulileta harufu ya sukari nguru ikichemka. Trekta zilipita na matela yaliyofurika, zikidondosha miwa barabarani, nasi tuliiokota sote, wenye shahada na wasio nayo. Katika miaka hiyo dereva wa trekta alipopita, wazazi wenye mabinti walisimama. Mimi nilikuwa na shahada ya fasihi.

"Baba ataongea sana," msichana wangu alikuwa ameniambia, "lakini mama ndiye ataamua. Na mpaka sasa hajasema neno juu yako."

Basi nikaanza kutembea. Mume wa shangazi aliniazima baiskeli yake, nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyegoma, yenye breki moja iliyofanya kazi ikipenda. Kuteremka nilisaidia kwa soli za viatu. Kupanda niliisukuma. Wanawake wenye mitungi ya maji kichwani walinipita wakicheka.

"Mwalimu, ni wewe unapanda baiskeli ama ni baiskeli inakupanda?"

"Tunapokezana, mama."

"Na unaenda wapi?"

"Natembea tu."

"Kwa nani?"

Kila siku, kila kilima, swali lilikuwa hilo hilo. Lakini sitasema uongo, nilikuwa na raha. Niliketi juu ya mawe nikitafuna muwa, nikaitazama miinuko ya Nandi ikigeuka buluu kwa mbali. Jioni niliiacha baiskeli nikaenda kwa miguu mpaka ukingoni mwa msitu, nikasikiliza mbega wakigombana matawini. Mawazo mazito hayakuja. Kilichokuja ni njaa, na shangazi alinipikia kana kwamba nimelima ekari nzima. Na kila siku, bila kukiri sana moyoni, niligeuza usukani karibu zaidi na ule mto.

Ijumaa nikauvuka. Msichana alikuwa ameniambia nipite kwao kama msafiri, nimsalimie baba yake, niende zangu. Njia ya kupanda kwao ilikuwa nyembamba, miwa kulia, miwa kushoto, mirefu kuliko mtu. Nikiwa nasukuma baiskeli, nikamwona mama mmoja anateremka na mzigo wa kuni kichwani. Nilimtambua kwa paji la uso, lilikuwa lile lile la binti yake.

Hapa ndipo, nikafikiri. Neno la mwisho hilo, linakuja kwa miguu. Nikaegemeza baiskeli, nikafuta mkono kwenye suruali, nikaunyoosha.

"Mulembe, mama!"

Alinitazama mara moja. Akautupa mzigo chini, akajifunika uso kwa leso, akaingia kwenye miwa.

Nilidhani nimemtisha. Nikamfuata.

"Mama, usiogope! Mimi si mwizi!"

Miwa ikazidi kuchakarika, mbali na mbali zaidi. Nikabaki na mkono wangu ulionyooshwa na moyo uliokufa. Amenikataa, nikajiambia, hata salamu hakutaka. Kwa kukosa la kufanya, nikazifunga zile kuni kwenye keria nikazipeleka kwao.

Baba yake alikuwa amekaa barazani. Aliziangalia kuni kabla ya kuniangalia mimi.

"Hizo kuni nazijua."

"Nimezikuta njiani, mzee."

"Na mwenyewe?"

"Ameingia kwenye miwa."

"Ameingia, ama umemwingiza?"

"Ameingia mwenyewe, mzee, aliponiona."

Mzee aliziangalia tena zile kuni. Halafu akageuza kichwa kuelekea jikoni na kuita, "Shikeni kuku!"

Msichana akatoka, nami nikamsimulia yote kwa sauti ya mtu anayeaga. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Umemfuata? Kwenye miwa?"

"Nilitaka kumsalimia!"

"Hapa mama hampi mkwe mkono. Akikutana naye njiani anampisha, anajificha. Ni heshima." Akafuta machozi. "Yule wa trekta amekuja hapa mara nyingi. Mama anamsalimia kwa mikono miwili, anamuuliza habari ya trekta."

Ilinichukua muda. Elimu ya juu ni kitu kizito, haigeuki haraka. Nilipoelewa, nilikaa chini bila kukaribishwa.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni, haikuelekezwa kwangu lakini ilinifikia vizuri: "Mwambieni huyo mtu asinifuate tena kwenye miwa. Siafu ni wengi."

Nilikula kuku nikapewa na firigisi, nikateremka kilima kile jioni nikiwa nimesahau kabisa breki. Karibu na Malava, penye kona, nikaona mama mwenye mzigo kichwani anakuja, jua likiwa nyuma yake. Sikungoja kuona uso. Niliingia kwenye miwa, mimi na baiskeli.

Nyayo zikakaribia, zikasimama.

"Mwanangu," ilisema sauti ya shangazi, "umeanguka?"

"Hapana, shangazi. Natoa heshima."

Aliitafakari miwa.

"Ahaa," akasema. "Kumbe mlima ulikuwa na mwenyewe. Toka basi, kabla siafu hawajakuheshimu na wewe."

Walikuwa wameshaanza.