Bonde Lile Lilikuwa na Watu

Saa sita na nusu mchana, mashine kubwa ya kunyoosha mashuka inazimwa na chumba cha kufulia cha hospitali kinapata kupumua. Mama Pasi anajifuta jasho kwa pindo la aproni, anakalia furushi la mashuka yanayosubiri zamu yao, kisha anatoa simu. Anaitazama kama mtu anayemtazama aliyemtukania mama yake.

“Wamenialika nirudi,” anasema. “Hata pole hakuna. ‘Karibu tena, lile swali tumelifuta.’ Basi. Utadhani nilinuna kwa kunyimwa pipi.”

Jina la Mama Pasi alijipachika mwenyewe alipojiunga na kundi la mtandaoni la mchezo wa jiografia. Wamo mamia ya watu wa nchi mbalimbali, wengi hawajawahi kuonana. Kila mchana msimamizi wao, wanayemwita Nahodha, huwarushia maswali ya mito, milima, bendera na miji mikuu. Anayewahi kujibu sawasawa anaondoka na pointi.

Aliyemwingiza ni binti yake, siku chache kabla ya kwenda chuoni. Alimwambia, “Mama, nikiondoka utabaki kuongea na bibi na kuta.”

Hakuwa bingwa. Bendera zilimtoa jasho kuliko mashuka, na mara mbili tatu aliuhamisha mji mkuu wa watu akaupeleka nchi jirani. Lakini saa hiyo aliingoja tangu asubuhi.

“Hapa kazini mimi ni mikono tu,” anasema. “Kule nilikuwa mtu. Nikikosea wananitania, nikipatia wananishangilia. Nilikuwa nacheka peke yangu hapa mpaka wenzangu wakasema nimepata bwana.”

Kisha siku moja likaja swali la mabwawa. Nahodha aliuliza ni bwawa gani la umeme, kati ya manne aliyoyataja, lililojengwa kwenye bonde lisilokaliwa na watu.

Mama Pasi aliliona jina la tatu, akalisoma tena. Ni bwawa lililofunika kijiji alichozaliwa. Alikuwa darasa la tatu malori yalipokuja kuwahamisha, naye akapanda juu ya magodoro akiwa amemkumbatia kuku.

Majibu yakamiminika. Wote walichagua hilo hilo la tatu. Nahodha akawapongeza, vikatuni vya kupiga makofi vikajaa kwenye kioo.

Mama Pasi akaandika: “Bonde hilo lilikuwa na watu. Mimi nimezaliwa humo.”

Nahodha akamjibu, “Dada, tujibu swali kama lilivyo.”

Mchezaji mwingine akadakia, “Kumbe Mama Pasi ni samaki?” Kundi zima likaangua vicheko.

“Hapo ndipo damu iliponichemka,” anasema, na sauti yake inapanda hadi mwenzake wa upande wa kukunja anageuka. “Ningekuwa na hilo jitu hapa, ningelipitisha kwenye mashine!”

Alibonyeza kitufe cha sauti akasema yote, pale pale, mbele ya mashuka. Alitaja kisima, kilabu cha wazee, nyumba ya mhunzi, mteremko waliokuwa wakiteleza kwa makalio hadi nguo zinatoboka. Akamtaja mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, aliyezikwa nyuma ya nyumba kabla hajajua kutembea.

“Walipokuja kutulipa walihesabu migomba,” aliwaambia. “Makaburi wakayaruka. Mama yangu ana mtoto chini ya hayo maji, na nyinyi mnapigiana makofi!”

Kabla hajavuta pumzi, kioo kikamwandikia kwamba ameondolewa kwenye kundi.

Jioni alimweleza mama yake, ambaye anaishi naye kwenye chumba kimoja na sebule nyuma ya kituo cha mafuta. Bibi huyo alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

“Wamesema hatukuwepo?” aliuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nilimzalia wapi sasa yule mtoto? Hewani?” Akausukuma ungo pembeni. Usiku ule hakula.

Mwandishi wa makala haya alimpigia Nahodha. Ni mtu mpole wa maneno, mwenye duka la vifaa vya ofisi. Anasema swali alilinakili mtandaoni na hakuwa na nia mbaya.

“Watu wanakuja kwetu kupumzika,” anasema. “Nikiruhusu kila mtu alete msiba wake, mchezo umekwisha. Swali nimelifuta. Anataka nini zaidi?”

Lakini aliyemuumiza Mama Pasi kuliko Nahodha, kuliko hata yule wa samaki, ni mtu wa tatu. Siku mbili baada ya kuondolewa alipata ujumbe wa faragha kutoka kwa mchezaji anayejiita Dira, dereva wa gari la wagonjwa katika mji mwingine. Alimwandikia kwamba naye ni wa bonde lile lile, ng'ambo ya mto. Alikuwepo kwenye mchezo siku hiyo. Alijua kwamba swali ni la uongo, na alibonyeza jibu la tatu kama wenzake.

“Nilitaka pointi, dada yangu,” aliandika. “Nimesikia sauti yako nikashindwa kuendesha.”

Mama Pasi alimpigia papo hapo.

“Wale wengine hawakujua,” alimwambia. “Wewe ulijua! Umewauza wazazi wako kwa pointi ambazo hata chumvi hazinunui!”

Dira hakujitetea. Aliuliza afanye nini.

“Mpigie mama yako,” alimjibu. “Muulize majina ya kwenu, kila kichochoro. Ukimaliza ndiyo unitafute.”

Dira alimtafuta wiki iliyofuata, akiwa na majina mengi kuliko Mama Pasi alivyotarajia. Mama Pasi anasema hajamsamehe. Wanafanya kazi pamoja tu.

Sasa wana kundi lao dogo, la watu wa bonde na watoto wao. Mchezo ni wa maswali pia, ila anayeuliza ni bibi, akiwa ameishika simu mbali na uso kama kitu kinachoweza kuuma. Juzi aliuliza: ukitoka kisimani kwenda kwa mhunzi, unapita kwa nani? Wakabishana hadi wawili wakanuniana. Kila wanachokubaliana, Dira anakiweka kwenye ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaruhusiwa kuiongezea majina. Juu ya ile rangi ya buluu ya bwawa majina yameanza kuota.

Mama Pasi anataka yakamilike mama yake angali anaona. La mwisho litakuwa lile la nyuma ya nyumba yao, ambalo bibi bado hajaweza kulitamka.

Na mwaliko wa Nahodha? Anainuka, maana mashine imeanza kunguruma tena.

“Sitaki walifute swali,” anasema, akilivuta shuka la kwanza. “Kufuta ndiko walikoanzia. Waliulize tena, mbele ya watu wote wale, na jibu walitoe mimi nikiwa nasikia. Siku hiyo nitarudi.”