Bega la Mrina Asali

Leonia aliolewa na mtu wa nyuki, na mtu wa nyuki si mume wa kila siku. Kiangazi kikiingia, Masolwa alikuwa wa msitu, huko kusini ya Sikonge ambako miti ya miyombo imesongamana na njia ni ya kupita baiskeli moja. Alirudi ananuka moshi na nta, ndevu zimemjaa, akatua kilindo cha gome kilichojaa asali mlangoni na kuulizia ugali kabla ya kuulizia watoto. Leonia alimnunia kidogo, kisha akamtengea maji ya kuoga. Alimpenda sana mtu yule. Nalisema hili mapema, asije akatokea mtu wa kumhukumu.

Wanyamwezi wana sifa ya mabega. Babu yake Masolwa alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, akarudi na nguo za kutolea mahari na sugu begani kubwa kama kiazi, ambayo wajukuu waliibonyezabonyeza wakicheka. Masolwa aliyarithi mabega hayo akayapandisha mitini. Mzinga wa gome uliojaa asali hauteremki kwa kubembelezwa. Mtu anapanda, anaufunga kamba, anaushusha polepole kwa mkono mmoja huku wa pili umekumbatia tawi, na nyuki wamemjaa masikioni. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, na bega la kulia lilivumilia mpaka likachoka.

Lilianza kuuma akilala upande. Baadaye akashindwa kuvaa shati peke yake. Leonia alimvika, akamkanda kwa maji ya moto, akampaka kila mafuta aliyoambiwa na majirani. Ilipofika mwaka wa sabini na nne, Masolwa alikuwa hawezi hata kutundika kofia yake kwenye msumari ulioko juu ya mlango. Ndio mwaka huohuo ambao katibu wa tawi alikuja kutangaza kwamba watu wote watahamia kijiji cha Ujamaa kando ya barabara kuu, na kwamba malori yatakuja kabla ya mvua. Warina asali waliuliza mizinga yao iliyoko msituni itakuwaje. Katibu akajibu kwamba kijijini kutakuwa na shule, zahanati na bomba la maji. Hilo halikuwa jibu, lakini watu walipiga makofi.

Masolwa hakutaka kwenda hospitali. Leonia ndiye aliyemsukuma, mpaka wakafika kwa daktari mmoja wa misheni, mzee mpole mwenye Kiswahili cha taratibu. Daktari aliuinua ule mkono, akauzungusha, akamtazama Masolwa anavyouma midomo. Akasema kano za ndani ya bega zimevimba, na mojawapo imeanza kulika kama kamba kuukuu. Kisha akamdunga sindano ya kotizoni, nyuma ya bega.

"Nisikilize vizuri, mzee," alisema akipangusa mikono. "Kesho litauma kuliko leo. Usiogope. Baada ya siku chache utajiona umepona, na hapo ndipo nataka uwe mwoga. Dawa hii inatuliza uvimbe, haishoni kano. Usibebe mzigo, usipande mti, mpaka urudi nikuone baada ya mwezi na nusu."

"Nimesikia, daktari."

"Na wewe, mama?"

"Nimesikia," alisema Leonia, na akatoa kanga yake mabegani ili mkono wa mumewe ufungwe na kuning'inizwa shingoni.

Walisikia wote wawili. Naliweka wazi kwa sababu baadaye palikuwa na watu wa kusema eti wale hawakuelezwa, na maneno hayo yananiudhi mpaka leo.

Kesho yake liliuma kweli, Masolwa akailaani dawa na aliyeileta. Kisha, asubuhi moja, Leonia alikuwa anachochea uji alipomwona mumewe amesimama mlangoni bila kanga shingoni. Aliuinua mkono wa kulia, akatundika kofia kwenye msumari. Akaitundua, akaitundika tena.

"Mama Sylvester, umeona?"

Leonia aliona. Alilia kwa furaha, uji ukaungua, na wakaula vivyo hivyo.

Mtu wa leo ataona ni ujinga. Lakini wale walikuwa watu ambao utotoni mwao sindano moja tu ilikausha vidonda vya buba vilivyokuwa vimeshinda kila mzizi. Waliona kwa macho yao wenzao waliokuwa wakitambaa wanasimama na kwenda kucheza. Kwa rika lile, ukishadungwa na maumivu yakaondoka, ugonjwa umekwisha. Maneno ya daktari waliyaheshimu. Walichokiamini ni sindano.

Hata hivyo Masolwa alijizuia. Alikaa nyumbani akisokota kamba za gome, mpaka ilipokuja habari kwamba malori yamefika kijiji cha jirani na watu wanapakiwa na vyungu vyao. Msituni mlikuwa na mizinga yake, na kati ya hiyo, michache aliyoitundika marehemu baba yake. Siku ile hakula vizuri. Leonia aliyajua yaliyomo moyoni mwake, na hakuuliza, kwa kuogopa kuyasikia.

Alfajiri alimwona. Leonia alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na Masolwa amesimama kizingitini, kamba ya kupandia imeshalala begani.

Sasa, kwa warina asali wa kwao kulikuwa na mwiko. Mtu akishatia kamba begani haitwi. Haulizwi anakwenda wapi, wala jina lake halitajwi, maana ukimwita, tawi nalo litamsikia na kumwangusha. Na yeye mwenyewe haruhusiwi kuitua na kurudi ndani. Atachekwa mpaka kaburini. Mama yake Leonia alimfundisha hivyo, na mama mkwe akakazia.

Leonia akafumba mdomo. Masolwa aliifungua kamba, akaifunga upya, akaifungua tena, kama mtu asiyeridhika na fundo. Alichelewa pale mlangoni mpaka mwanga ukaingia chumbani. Leonia alishika kingo za blanketi, na moyo wake ukamwambia mwite, mwite sasa. Hakumwita. Alimpenda mno hata akaogopa kumwangusha kwa sauti yake.

Mayala, mrina mwenzake, ndiye aliyemrudisha jioni, amempakia nyuma ya baiskeli. Mzinga wa baba yake Masolwa ulikuwa umeshushwa hadi nusu ya mti, na uzito wote uko mkono wa kulia, kano ilipokatika. Hakuanguka kutoka juu sana. Mzinga ulipasuka, nyuki wakatawanyika, asali ikanywewa na majani. Mkono ukawa unaning'inia tu. Daktari aliushika, akasema kano imekatika yote, na hapa hatuna namna ya kuiunga. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

Lori likawachukua. Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizonyooka kwa mstari, na msitu uko mbali na macho. Masolwa alipangiwa kuhesabu majembe ya shamba la pamoja. Hakuwahi tena kunuka moshi. Leonia, aliyekuwa akilalamikia harufu ile, kuna siku alichoma gome nyuma ya jiko ili tu aisikie.

Jumapili moja, miaka imepita, alikuwa anamfunga vifungo vya shati waende misa. Masolwa alikuwa anatazama ukuta.

"Asubuhi ile ulikuwa macho," alisema.

Leonia aliendelea na kifungo. "Nilikuwa macho."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umeshabeba kamba, baba Sylvester."

Masolwa alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira. "Nilikuwa naogopa lile bega," alisema. "Mimi nisingeweza kuitua mwenyewe. Nilikaa pale nikifunga na kufungua, nakungoja uniite."

Leonia alimaliza vifungo vyote, akamnyoosha ukosi, akauinua ule mkono uliokufa na kuupitisha kwenye koti. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina la mumewe mbele yake. Mke wa heshima hafanyi hivyo. Aliegemeza paji la uso kwenye bega lile la kulia.

"Masolwa," alisema.

"Naam," aliitika.